Mwana Aliyebadili Kazi

Mzazi mmoja aliniuliza kama mwanawe, aliyeacha ualimu, kisha kazi ya duka, na sasa ataka kusomea tiba ya viungo, si mpotevu. Nikamsimulia habari za Berta Bobath.

Mama huyu alizaliwa Berlin mwaka 1907, akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi akaenda London. Baadaye aliitwa kumsaidia mchoraji Simon Elwes, aliyepooza upande mmoja. Siku zile iliaminiwa kwamba mkono uliokakamaa hivyo haulegei tena. Yeye, aliyezoea kutazama miili ikijongea, aliona kuwa mwili ukiwekwa vizuri na kusogezwa polepole, mkono hulegea. Na cheti cha tiba hiyo hakuwa nacho! Alikipata mwaka 1950, amekwisha kupita miaka 40.

Basi ualimu wake haukupotea. Ndio uliompa jicho. Nami chuoni niliwakemea sana vijana waliohamahama. Leo ningewauliza kwanza wamejifunza nini huko watokako.

Mzazi yule amekubali kulipa ada ya muhula mmoja. Wa pili, asema, tutaona.