Pima Ufahamu wa Kiswahili Kabla ya Kulaumu Kiingereza

Mtahiniwa wa kidato cha nne akipata alama 7 kati ya 20 katika ufahamu wa Kiingereza, hukumu hutolewa papo hapo: Kiingereza chake kibovu. Mzazi anatafuta kamusi, mwalimu anaongeza orodha ya msamiati, na mwanafunzi mwenyewe anajifungia na rundo la karatasi za miaka iliyopita. Mimi siipokei hukumu hiyo kabla haijapimwa, na kipimo chake hakina gharama. Chukua kifungu cha ufahamu kutoka karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa taifa wa Kenya, KCSE, ambako ufahamu una alama 15, mpe mwanafunzi huyohuyo, asahihishiwe kwa ukali uleule, kisha weka kazi hizo mbili pamoja. Akifanya vizuri kwa Kiswahili na vibaya kwa Kiingereza, lugha ndiyo inayomkwamisha. Akipoteza alama kotekote, tena kwa makosa ya aina moja, orodha ya msamiati haitamwokoa, kwa sababu tatizo liko katika namna anavyosoma na namna anavyojibu. Kwa majibu ambayo nimekuwa nikiyasahihisha, kundi hili la pili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na wao ndio ninaowaandikia zaidi.

Makosa yenyewe hayajifichi. Swali linasema “kulingana na kifungu”, naye anajibu kwa yale aliyoyasikia redioni kuhusu mada hiyo. Swali la alama mbili linapewa hoja moja, tena nusu. Swali linalotaka jibu fupi linanakiliwa sentensi tatu nzima za mwandishi, kwa matumaini kwamba jibu limo humo ndani mahali fulani na msahihishaji atalitafuta. Anayefanya hivi kwa Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, lugha anayoitumia sokoni, kwenye matatu na kwenye simu, na huko hawezi kusingizia maneno magumu. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha nchini Kanada, alijenga hoja mnamo 1979 kwamba stadi za kusoma zilizokomaa katika lugha moja huvuka na kuingia katika nyingine. Kwa kawaida hoja hiyo hutumiwa kutetea watoto wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Nami naitazama pia kwa upande wake wa pili: uzembe wa kusoma nao huvuka.

Si jambo dogo. Karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ina alama 80: ufahamu 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Toa sarufi, unabaki na alama 65 ambazo zote zinamtaka mtu asome maandishi yaliyo mbele yake na kuyajibia kwa ushahidi. Ongeza alama 10 za kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi anayenoa usomaji wake hanoi swali moja tu. Vivyo hivyo kwa Kiswahili, ambako ufahamu na ufupisho pekee vina alama 30.

Sasa mazoezi yenyewe. Ushauri wangu ni kufanya vifungu vichache na kukaa navyo muda mrefu. Kifungu kimoja kwa juma kinatosha kabisa, mradi kisomwe hivi: mara ya kwanza soma mpaka mwisho bila kalamu na bila kuyatazama maswali. Funika karatasi. Kisha eleza kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kila aya imesema nini na mwandishi anaegemea wapi. Usipoweza kuieleza aya, hukuielewa, hata kama kila neno lilipita machoni bila kukusumbua. Hapa ndipo wengi hushtuka, maana macho yakishazoea ukurasa humdanganya mtu kwamba ameelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavirudia kuvisoma, wengine wakajaribu kukumbuka yaliyomo bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Jaribio lao lilihusu kumbukumbu, sikatai, lakini mtu anayejaribu kukumbuka bila kuangalia hugundua mara moja kile ambacho hakukishika, na ugunduzi huo ndio tunaoutaka.

Walimu wengi wa Kiingereza hawatalipenda neno hilo “kwa Kiswahili”. Shule nyingi zina kanuni ya kuzungumza Kiingereza siku nzima, na hofu yao ni kwamba mwanafunzi akiruhusiwa kufikiri kwa Kiswahili ataandika Kiingereza cha kutafsiri. Hofu hiyo ina msingi panapohusika insha. Katika ufahamu haina, kwa sababu hatua ninayoizungumzia inakuja kabla ya kuandika jibu lolote, na kazi yake ni kupima uelewa tu. Chukua mfano huu nilioutunga mwenyewe: “The county had promised the market women a roof before the long rains. By the third season, they had learned to thank the officials and buy umbrellas.” Hakuna neno hata moja hapo la kumshinda mwanafunzi wa kidato cha pili. Sasa uliza, kwa alama mbili, wanawake hao wana msimamo gani kuhusu maafisa wa kaunti. Atatokea mtu aandike kwamba wana shukrani, maana ameliona neno “thank” akalidaka. Mwambie mtu huyohuyo aeleze kwa Kiswahili: waliahidiwa paa, msimu wa tatu huo umefika, wanasema asante na kwenda kununua miavuli. Atacheka kabla hajamaliza. Kejeli ameielewa vizuri, ila aliposoma kwa Kiingereza aliokota neno moja akaacha sentensi. Jibu kamili litasema kwamba wamekata tamaa na hawaziamini tena ahadi, na ushahidi ni miavuli wanayojinunulia ilhali paa liliahidiwa kabla ya mvua za masika. Hoja moja na ushahidi mmoja, alama mbili.

Baada ya kueleza ndipo maswali yasomwe, na yasomwe kama mkataba. Idadi ya alama kwenye mabano inakuambia idadi ya hoja zinazosubiriwa. Maelekezo ya KCSE hurudi mwaka hadi mwaka kwa sura zilezile: fupisha kwa maneno yasiyozidi idadi fulani, jibu kwa muundo wa vidokezo, eleza maana ya neno jinsi lilivyotumika kwenye kifungu, andika upya sentensi kwa kufuata agizo. Kila agizo ni mahali pa kupoteza alama ambayo tayari ulikuwa nayo. Aliyeulizwa kwa vidokezo akaandika sentensi kamili anaadhibiwa ingawa hoja zake ni sahihi, na sioni uonevu wowote hapo. Kabla ya kuandika, pigia mstari sehemu ya kifungu inayobeba jibu na uiwekee nambari ya swali. Swali lisilo na mstari wowote kwenye kifungu ni swali ambalo hujalijibu, hata ukiandika nusu ukurasa. Maswali ya maana ya maneno nayo yana jaribio lake rahisi: chukua jibu lako, liweke mahali pa neno lile kwenye sentensi ya mwandishi, usome. Sentensi ikichechemea, jibu si sahihi, na hapo kamusi haina la kukusaidia kwa sababu kamusi haijui sentensi ipi umepewa.

Kusahihisha ndiko kuliko na faida kubwa zaidi, na ndiko kunakorukwa. Wengi huangalia mwongozo, huhesabu alama, hunung'unika, hufungua karatasi nyingine. Mwongozo ukikupa jibu tofauti na lako, usilinakili. Rudi kwenye kifungu utafute mstari uliolizaa jibu hilo, kisha uandike pembeni, kwa maneno machache, kwa nini wewe uliukosa: nilijibu kichwani, nilitoa hoja moja, sikufuata agizo, sikulielewa neno, niliisoma aya vibaya. Vifungu vinne au vitano vikishapita utaona sababu moja au mbili zinajirudia, na hizo ndizo kazi yako mpaka Novemba. Na ukiutafuta mstari usiuone, uwe tayari kuamini kwamba mwongozo ndio uliokosea. Miongozo inayouzwa vibandani na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp haitoki yote kwa watu waliowahi kusahihisha mtihani wa taifa, na mingine ni ya kubahatisha kabisa. Peleka mgogoro huo kwa mwalimu. Mabishano ya dakika kumi juu ya jibu moja yanafundisha kuliko karatasi tatu zilizofanywa mbio.

Pingamizi zito ni la msamiati, na sitalipuuza. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe matini bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Katika kifungu cha maneno 600 hiyo ni nafasi ya maneno 12 tu asiyoyajua. Nation alikadiria baadaye, mwaka 2006, kwamba kusoma riwaya na magazeti kwa kiwango hicho kunahitaji familia za maneno, yaani neno pamoja na vinyambuo vyake, kati ya 8,000 na 9,000. Tazama hesabu hiyo kisha uniambie orodha ya maneno 20 kila Ijumaa itamfikisha wapi mtahiniwa aliyebakiwa na muhula mmoja. Msamiati ni wa kujengwa tangu kidato cha kwanza kwa kusoma. Muda ukishakwisha, kinachoweza kubadilika haraka ni utii kwa swali na uaminifu kwa kifungu, na ndiyo maana nasisitiza hivyo. Hata hivyo tahariri moja ya gazeti la Kiingereza kwa siku haimchoshi mtu, aisome.

Tena kuna jambo linalosahaulika. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliojua mchezo huo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Maana yake, kujua habari za dunia ni sehemu ya kusoma. Mwanafunzi anayefuatilia gazeti la Taifa Leo akajua mabadiliko ya tabianchi ni nini, bima ya afya inafanyaje kazi, au kwa nini bei ya mafuta hupanda, anajiandaa kwa karatasi ya Kiingereza bila kugusa Kiingereza. Ajihadhari tu na lile kosa la kujibu kwa anachokijua. Maarifa yamsaidie kuelewa, jibu litoke kwenye kifungu.

Wasomaji wa Tanzania wataniambia kwamba kipimo changu kinawatoa wao haraka, na wako sahihi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili kisha akakutana na Kiingereza katika karibu kila somo kidato cha kwanza atafaulu ufahamu wa Kiswahili na kuanguka kwa Kiingereza bila kosa lolote la usomaji. Wapo Wakenya wengi walio hivyo pia, hasa kutoka shule ambazo Kiingereza huishia mlangoni mwa darasa. Kwa hao dawa ni kusoma kwa wingi vitabu vyepesi, vya chini ya kiwango chao bila haya, hadithi za kidato cha kwanza ikibidi, kila siku. Vifungu vya KCSE kwao vije mwishoni. Kumlazimisha mtu wa namna hii afanye karatasi 15 za miaka iliyopita ni kumrudishia kushindwa kulekule mara 15.

Na saa? Karatasi ya pili ina dakika 150 kwa alama 80, kwa hiyo ufahamu wa alama 20 una haki ya dakika 37 hivi, pamoja na kusoma. Anayekaa saa nzima hapo analipa kwa shairi. Lakini usianze na saa. Kasi ya mtu anayekosea humfikisha kwenye makosa mapema tu. Ilete saa wiki sita za mwisho, makosa yanayojirudia yakishapungua.

Kwa walimu nina ombi moja. Katika shule nyingi Kiingereza na Kiswahili viko chini ya idara moja ya lugha, na walimu wake wanakaa meza jirani. Matokeo ya mtihani wa mwigo yakitoka, tafadhali tafuteni karatasi ya 101/2 ya Kiingereza na ya 102/2 ya Kiswahili za mwanafunzi mmojammoja aliyeshuka, muziweke pamoja kabla ya kumpa mazoezi, na mmwambie waziwazi lipi kati ya mawili, lugha au usomaji, linamwangusha.