Kipupwe ni Msimu wa Katavi: Panga Safari Yako Mapema

Katika nchi za baridi, familia hupanga mapema safari ya kwenda kuteleza kwenye theluji. Katavi haina theluji, ila ina msimu wake: Juni hadi Oktoba, kuanzia kipupwe hadi kilele cha kiangazi. Barabara ya Mpanda–Sumbawanga inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa Katavi, na wengi wetu tumeiona kupitia dirisha la basi tu. Hifadhi hii ya kilometa za mraba 4,471, iliyoanzishwa mwaka 1974, inastahili kutengewa siku yake.

Uende lini?
Mvua zikikatika, Mto Katuma hupungua, na maziwa ya Katavi na Chada hukauka yakabaki mbuga. Viboko hubanana kwenye madimbwi machache yaliyosalia, mamba hujificha katika mapango ya kingo za mto, na nyati hufuata maji kwa makundi makubwa, simba wakiwa nyuma yao. Juni na Julai hakuna joto kali, na wanafunzi wana likizo ya katikati ya mwaka. Septemba na Oktoba kuna jua na vumbi, lakini ndipo wanyama wanapoonekana kwa wingi zaidi. Kuanzia Novemba mvua hurudi, na njia za ndani huwa tope.

Kufika
Makao makuu ya hifadhi yako Sitalike, takriban kilometa 40 kusini mwa Mpanda. Anayetoka mbali anaweza kufika Mpanda kwa basi kutoka Tabora, Kigoma au Sumbawanga, au kwa treni ya tawi la Kaliua. Treni haiondoki kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba stesheni kabla ya kupanga tarehe. Kwa mizunguko ya ndani mnahitaji gari lililoinuka. Mkiwa kikundi, changieni kukodi moja.

Mbung'o na mavazi
Mbung'o ni wengi, hasa kwenye miombo. Rangi ya bluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au kijivu, kitambaa kizito, mikono mirefu. Funga vioo mnapopita msituni. Mbung'o wanaweza kueneza malale. Ukipata homa baada ya safari, wahi hospitali umweleze daktari kwamba ulikuwa hifadhini, ili apime malaria na malale pia. Beba sweta kwa ajili ya usiku na alfajiri, na chandarua kama mnalala.

Usalama
Usishuke garini pasiporuhusiwa. Kiboko aliye nchi kavu ni hatari, kwa hiyo usisimame kati yake na maji. Anayetaka kutembea kwa miguu aongozane na askari wa hifadhi mwenye silaha. Tembo wakivuka, simameni na msubiri.

Kabla ya kuondoka
Pigia simu ofisi ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) iliyoko Sitalike uulize viingilio vya sasa, namna ya kulipa, na hali ya njia. Beba kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Chukueni maji ya kutosha, chakula, tairi la akiba na mafuta ya kwenda na kurudi. Ingieni asubuhi na mapema, wanyama wakiwa bado wanatembea.