Apone Kwanza, Ndipo Asome? Utengamao na Elimu Jumuishi kwa Watoto Wenye Ulemavu



Ndugu msomaji, ukimuuliza mzazi kwa nini mtoto wake mwenye ulemavu hajaandikishwa shule, mara nyingi utajibiwa hivi: "Tunasubiri apone kwanza." Ni jibu la mtu anayempenda mwanawe, na pengine hakulitunga yeye bali aliambiwa hivyo siku ya uandikishaji. Hata hivyo, limebeba wazo linalopaswa kupimwa: kwamba mtoto lazima afikie kiwango fulani cha uzima ndipo astahili kukaa darasani na wenzake. Katika makala hii tunajaribu kuonyesha kwamba wazo hilo halisimami, tukiangalia mwanadamu alivyo na huduma zenyewe zinavyofanya kazi.

1. Maana ya maneno

Utengamao ni huduma zinazomsaidia mtu kupata, kurudisha au kutunza uwezo wa kuishi maisha ya kila siku. Ndani yake kuna mazoezi ya viungo, mafunzo ya kuongea, kula na kuvaa, pamoja na vifaa saidizi kama viti mwendo, viungo bandia na shimesikio. Utengamao si sawa na kupona. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hataondolewa hali hiyo, lakini anaweza kufundishwa kukaa, kumeza bila kupaliwa na kushika kijiko.

Elimu jumuishi ni utaratibu ambao shule inajirekebisha ili impokee mtoto, badala ya kumngoja mtoto afanane na shule. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1994 huko Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walipokutana. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 inahusu elimu, na ibara ya 26 inahusu utengamao. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba unatufundisha jambo la msingi: ulemavu hutokea pale upungufu wa mwili, hisi au akili unapokutana na vikwazo vya jamii. Ngazi tatu mbele ya mlango wa darasa ni sehemu ya ulemavu wa mtoto anayetumia kiti mwendo.

2. Falsafa inasema nini?

Tusifiche kwamba falsafa haijawa rafiki wa watoto hawa nyakati zote. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alipendekeza sheria ya kutomlea mtoto aliyezaliwa na kilema. Kwake mtoto alipimwa kwa faida atakayoiletea dola.

Boethius anatupatia njia nyingine. Anaieleza nafsi kuwa ni kiumbe binafsi chenye asili ya akili. Wapo wanaouona ufafanuzi huu kuwa wa hatari: je, asiyeweza kufikiri vizuri si nafsi? Jibu limo katika neno asili. Kuwa na asili ya akili si sawa na kuitumia akili wakati huu. Anayelala haitumii, na mtoto mchanga bado hajaanza, lakini wote ni nafsi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analifikisha jambo hili mahali petu hasa. Katika Summa Theologiae, sehemu ya tatu, swali la 68, anauliza kama wasio na matumizi ya akili wabatizwe. Anaeleza kwamba watu hao hawakupungukiwa na roho yenye akili. Kilichopo ni kizuizi katika kiungo cha mwili. Hapa ndipo utengamao unapopata maana yake ya kifalsafa: hauwi njia ya kumfanya mtoto awe mtu, kwa maana ni mtu tayari. Unashughulika na kizuizi. Shule nayo inashughulika na kizuizi hichohicho kwa upande mwingine. Kwa hiyo kumwambia mtoto asubiri ni kuifanya heshima yake kuwa tuzo ya maendeleo yake.

Wahenga wetu walisema, hujafa hujaumbika. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumwonya anayecheka kilema cha mwenzake, lakini inasema zaidi ya hapo. Sote tuliwahi kubebwa, kulishwa na kuogeshwa, na tukijaliwa uzee tutarudi huko. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre aliandika mwaka 1999 kwamba wanafalsafa wameusahau mno ukweli huu, kwamba kutegemeana ni sehemu ya maisha ya binadamu.

3. Huduma zinavyofanya kazi

Tuchukue mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa. Njia ya daktari Ignacio Ponseti inatumika pia nchini kwetu, kwa mfano katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu hivi, halafu wakati wa kulala mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mzazi akiacha viatu hivyo mapema kwa sababu mguu unaonekana umenyooka, unaweza kupinda tena. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya utengamao hufanyika nyumbani, si hospitali.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kazi hiyo ni ya miaka mingi zaidi. Na hapa wazo la "apone kwanza" linaanguka lenyewe, kwani atangoja maisha yake yote. Zaidi ya hayo, anajifunza kuongea kwa sababu yupo mtu wa kuongea naye, na mkono unazoea kushika kwa sababu kuna penseli na kuna jambo la kuandika. Darasa lenyewe ni mahali pa utengamao. Kwa upande mwingine, mtoto akikaa kwenye dawati lisilomshikilia vizuri, nguvu zake zote zinaishia katika kujizuia asianguke, na somo linampita. Shule bila utengamao inamweka mtoto darasani bila kumfundisha, na utengamao bila shule unamwandaa kwa maisha asiyopewa nafasi ya kuyaishi.

4. Pingamizi mbili

Wapo wanaosema: mwalimu ana wanafunzi themanini, atawezaje kumhudumia na huyu? Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa kumlaumu mwalimu. Anahitaji mafunzo, kama yanayotolewa katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na anahitaji vifaa. Lakini msongamano unawaumiza watoto wote themanini. Haiwezi kuwa haki kuutatua kwa kumtoa mmoja aliye dhaifu kuliko wote.

Wengine wanauliza kama shule maalumu zifungwe. Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Waanglikana walikwisha kuanzisha ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, wakati ambapo watoto hao hawakuwa na pengine pa kwenda. Mtoto kiziwi akiwekwa katika darasa ambalo hakuna anayejua lugha ya alama, hajajumuishwa. Ametengwa katikati ya watu. Kipimo si jina la shule, bali kama mtoto anaelewa, anaeleweka na ana marafiki.

5. Wajibu wetu katika Kanisa

Injili ya Marko, sura ya pili, inasimulia juu ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipozuiwa na umati walitoboa paa. Hawakumwambia asubiri nje mpaka aweze kutembea. Na Yesu aliitazama imani yao.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Basi jumuiya ndogo ndogo zianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wake: kujua nyumba ambazo mtoto anafichwa, kuchangia nauli ya kliniki, kumsindikiza mama shuleni siku ya uandikishaji, kuweka njia ya mteremko kwenye mlango wa kigango. Mkono mmoja haulei mwana.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtoto mwenye ulemavu ni nafsi kamili kabla ya tiba yoyote, na kwamba utengamao na shule vinahitajiana. Kwa hiyo, kwa swali "apone kwanza, ndipo asome?" tunajibu: hapana. Atibiwe na asome, kuanzia sasa.

Maswali ya kutafakari

1. Katika jumuiya yako kuna watoto wangapi wenye ulemavu, na wangapi kati yao wanasoma?
2. Ni kizuizi gani katika kanisa au shule ya kwenu ambacho mnaweza kukiondoa mwaka huu bila kungoja mfadhili?