Mgeni Poland: Maswali Yanayoulizwa na Wasafiri

Mbona Warsaw watu hawanichekei? Nimewakosea nini?

Hujakosea kitu. Kumchekea mtu usiyemjua si desturi yao, ila salamu wanaidai. Ukiingia duka dogo, lifti au chumba cha kumsubiri daktari, sema "dzień dobry". Mtu mzima usimwite kwa jina tupu. Mwanamume ni "pan", mwanamke "pani", mpaka mwenyewe akuruhusu. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata taabu.

Nile wapi nisimalize pesa?

Tafuta bar mleczny, mkahawa wa bei poa ulioenea enzi za ukomunisti na ambao hadi leo hupata ruzuku ya serikali. Panga foleni kwa keshia, soma menyu ukutani, lipa, kisha peleka risiti kwenye dirisha la jikoni. Ukimaliza, rudisha vyombo mwenyewe. Ukiviacha mezani utakodolewa macho. Mimi huagiza pierogi ruskie, vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, na kitunguu cha kukaanga juu. Asiyekula nguruwe aseme mapema "bez skwarków", maana wapishi wengine humwagia juu vipande vya mafuta ya nguruwe. Supu ya żurek nayo ni chachu na tamu, lakini kwa kawaida ina soseji.

Nimealikwa nyumbani kwa mtu. Nibebe nini?

Maua, na idadi yake iwe witiri: matatu, matano, saba. Shufwa ni ya msibani. Krisanthemu ziache kabisa, hizo ni za makaburini. Mlangoni usimpe mwenyeji mkono kizingiti kikiwa katikati yenu, ingia kwanza. Vua viatu, utapewa ndara.

Msimu gani mzuri wa kwenda?

Wengi watakwambia Julai. Mimi nasema tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, ingawa baridi imeanza na maduka yamefungwa. Treni hujaa watu wanaokwenda kuzuru makaburi ya jamaa zao. Giza likiingia, makaburi ya Powązki mjini Warsaw au Rakowicki kule Kraków huwaka mishumaa isiyohesabika ndani ya glasi za rangi, na familia hutembea taratibu zikiongea. Wengine huwasha hata kwenye kaburi lisilo na ndugu. Msomaji wa Arusha anajua pa kufikiria: Tengeru, walikohifadhiwa maelfu ya wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambako makaburi yao yapo hadi leo.

Kuna la kuchunga?

Sarafu yao ni złoty, si yuro. Tangu sheria ya 2018, maduka makubwa hufungwa Jumapili nyingi, kwa hiyo nunua Jumamosi. Na tiketi ya karatasi ya tramu igonge mhuri kwenye mashine mara tu upandapo. Mkaguzi anaweza kuwa amevaa kiraia, na faini haiondolewi kwa kusema wewe ni mgeni.