Kuomba amri ya muda ya malezi ya mtoto

Kesi ya talaka inaweza kuchukua miezi mingi, na mtoto hawezi kungoja hukumu ndipo ajue atalala wapi. Ndiyo maana wazazi waliotengana wanaweza kuomba amri ya muda: nani akae na mtoto, mwenzake amwone lini, matunzo yatoke kwa nani, mpaka shauri la msingi liishe. Nchini Tanzania maombi hayo huungwa mkono na hati ya kiapo. Kama kuna hatari ya kweli, mathalani kipigo au njama ya kumtorosha mtoto, weka na hati ya dharura. Usiiweke kwa hasira. Hakimu akiona hakuna dharura, hata maneno yako mengine atayatilia shaka.

Wengi husema, "Hajafika miaka saba, ni wa mama." Kweli, kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaanzia kwenye dhana hiyo, lakini dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hichohicho kinaitaka mahakama izingatie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Uwe mama au baba, jenga maombi yako hapo. Onyesha maisha yake yalivyo sasa: kadi ya kliniki, ripoti ya shule, risiti za ada, nani humpeleka asubuhi na nani humpokea. Kurasa tatu za mambo hayo zina uzito zaidi kuliko kumi za ugoni wa mwenzako.

Sasa maneno ya amri yenyewe, maana hapa ndipo watu wanaumia. "Baba aruhusiwe kumwona mtoto" haitoshi. Mtagombana wiki ya kwanza tu. Omba siku, saa na mahali: "Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa 3 asubuhi, hadi Jumapili saa 10 jioni, akabidhiwe nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, akiwa na sare na madaftari." Taja pia likizo, sikukuu, simu, na dawa kama ana pumu.

Afisa Ustawi wa Jamii akiagizwa kuandaa ripoti, mpokee nyumba ikiwa kama ilivyo siku zote. Usimkaririshe mtoto majibu. Huo ni mzigo wa watu wazima, asibebeshwe yeye.

Amri ikitoka, itii hata kama imekuuma. Mwenzako asipoleta matunzo, usimfiche mtoto; ukinyimwa kumwona, usikate matunzo. Andika tarehe na kilichotokea, kisha urudi mahakamani. Hali ikibadilika, kama vile uhamisho wa kazi au ugonjwa, omba amri irekebishwe.

Kama huna wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda na nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi na risiti. Halisi zibaki kwako.