MWENDO WA MIFUGO
Somo: Mwanzo 33:12–14

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulichukua siku mbili tukaenda Ziwa Bogoria. Wanaonijua wanajua nilisomea biashara, kwa hivyo safari ilikuwa na ratiba: kutoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, kufika kabla ya saa tano, hadi dakika za chai nilikuwa nimeziandika.

Mke wangu alitaka tusimame. Pale juu ya Bonde la Ufa watu wanapopiga picha, nikapita. Karibu na Gilgil punda milia walikuwa wanakula nyasi kando ya barabara kuu, malori yakinguruma, wala hawajali. Nyani nao wameketi kama wazee wa baraza. Nikasema, "Tutawaona tukirudi." Mogotio, kwenye alama ya ikweta, nilipunguza mwendo tu, akapiga picha kupitia dirisha. Akaniuliza, "Pasta, kwani tunafukuzwa na nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kabla ya Marigat mbuzi wakajaa barabarani. Nikapiga honi. Kijana aliyewachunga aliniangalia, kisha akarudi nyuma polepole. Kulikuwa na mwanambuzi mchanga sana, miguu bado inatetemeka. Akambeba kifuani, mama yake akifuata akilia, na kundi lote likaenda kwa mwendo huo.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa analia. Mwezi wa tatu mimba yetu iliharibika. Jumapili hiyo nilihubiri, Jumatatu nikawa ofisini. Nilimwambia Mungu atatupa mwingine, nikaona nimeongoza nyumba yangu kwa imani. Akasema, "Hata pale ulipita tu."

Nikaegesha gari, nikazima injini.

Usiku nilifungua Mwanzo 33. Esau amekuja na wanaume 400, anataka waondoke, yeye atangulie. Lakini Yakobo anaangalia watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha. Anajua wakiharakishwa hata siku moja tu, watakufa. Anamwomba ndugu yake aende mbele. Yeye atafuata taratibu, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. (Ndiyo, najua hakumfuata hadi Seiri, alienda Sukothi. Hilo ni somo la siku nyingine.) Na usisahau sura ya 32: huyu mtu mwenyewe alikuwa anachechemea. Siamini angeona wale wanyonge kama hangekuwa na maumivu yake kwenye nyonga.

Darasani tulifundishwa kwamba hatua iliyo polepole zaidi ndiyo inayoamua kiwanda kizima kitatoa nini. Mimi nilijifunza kuitafuta ili niiondoe. Yakobo aliyemwona dhaifu zaidi alimfanya kipimo cha safari. Ndugu yangu, nyumbani kwako ni nani anayebaki nyuma wakati wewe unapiga honi?

Tulifika Bogoria saa nane. Flamingo walikuwa mbali, mstari wa waridi juu ya maji. Tulikaa pale hadi jioni, yeye akiongea, mimi nikisikiliza, na tukampa mtoto wetu jina. Hilo ni letu, sitaliandika hapa.

Tukirudi tulisimama Gilgil. Nyani mmoja akaingiza mkono dirishani akaondoka na mkate wetu wote, na mke wangu akacheka mpaka Naivasha.