Kabla Barabara Hazijafungwa

Wadogo zangu, kila uchaguzi ukikaribia hapa Kenya mnaniuliza swali lile lile: tuweke unga kiasi gani? Unga wekeni, na chumvi, na tokeni za stima, na salio la simu, maana Januari 2008 maduka yalifungwa na kadi za simu zikaadimika. Lakini leo nami nawauliza: mtoto wako wa darasa la tatu anaijua namba yako ya simu kwa kichwa?

Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa 30 Desemba 2007, zaidi ya watu elfu moja waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Katika mbio zile watoto walipotezana na wazazi. Mfundishe wako jina lako kamili, maana akisema “mama” tu hakuna atakayekujua. Asiyejua kusema bado, mwandikie namba mkononi kwa kalamu. Kubalianeni pa kukutania, na pengine pa pili iwapo pale hapafikiki. Halafu chagueni mtu mmoja wa ukoo aliye mbali na fujo, shangazi wa kijijini kwa mfano, ambaye kila mmoja wenu atampigia.

Nyumba zetu nyingi ni za mabati, na bati halizuii risasi. Hata ghorofani si salama: Agosti 2017, baada ya uchaguzi, kule Mathare, risasi ilimuua mtoto wa kike akiwa kwenye roshani ya ghorofa. Ukisikia milio usichungulie, wala usitoe simu kupiga picha. Laleni chini, nyuma ya ukuta wa mawe kama upo. Ila gesi ya machozi ikiingia, mnyanyue mtoto kutoka sakafuni, kwa sababu gesi hiyo hutuama chini. Mpeleke kwenye hewa safi ikiwa kutoka ni salama, umwoshe macho kwa maji mengi, wala usiyasugue.

Na hapa nawasihi kwa moyo wangu wote: mkishafunga madirisha, msiwashe jiko la makaa ndani. Sumu yake haina harufu, na huua familia nzima usingizini.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na dawa za kisukari, presha au ARV za kutosha wiki kadhaa. Ukiona mtaa umechafuka, ondoka mapema, mchana. Televisheni iache.

Jirani wa kabila lingine mwekeni karibu tangu sasa. Wako waliopona 2008 kwa kufichwa na majirani wa namna hiyo. Ujumbe wa chuki ukiingia kwenye simu yako, ufute, na matusi ya kikabila yasisikike mezani kwako. Watoto wanasikia, na kesho watayarudia uani.

La mwisho ni zito, ila siwezi kulinyamazia. Vurugu huja na ubakaji. Jambo hilo likikupata wewe au binti yako, nendeni hospitali kwanza, kabla ya kuoga, hata kama polisi hamjafika. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Namba ya msaada ni 1195, hupigwa bure mchana na usiku. Ihifadhini leo, na mumpe jirani.